Matembezi ya Usiku na Baba Watoto

Akina mama wenzangu, hebu niwaulize swali moja kabla hamjaendelea kusoma. Mara ya mwisho wewe na mumeo kutoka pamoja usiku, ninyi wawili tu, ilikuwa lini? Usihesabu msiba. Usihesabu mkesha wa mwaka mpya, wala usiku ule mlipomkimbiza mtoto hospitali, wala harusi ambako wewe ulikuwa jikoni na yeye alikuwa meza ya wazee. Nasema kutoka kwa ajili ya kutoka tu: kutembea, kula kitu, kuangalia watu, kisha kurudi kulala.

Mimi niliulizwa swali hilo na binti yangu nikiwa na miaka 35 ya ndoa, na jibu langu lilikuwa kwamba haijawahi kutokea hata siku moja.

Sisi tunakaa Mwika, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kando ya ile barabara inayopanda kutoka Himo kupitia Marangu Mtoni kuelekea Rombo. Anayekufahamu kwetu anajua usiku wake ulivyo. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka mapema, migomba hudondosha maji kama vile mvua imenyesha, na mtu mwenye akili yake anakaa karibu na moto. Lakini usidhani kwamba watu wote wamelala. Usiku wa Mwika una wenyewe, nao ni wanaume. Wao wana kilabu cha mbege, wana benchi lao, wana hadithi zao na vicheko tunavyovisikia kwa mbali tukiwa tunaosha vyombo. Na jambo la kuchekesha ni kwamba mbege yenyewe tumeipika sisi. Mwanamke ndiye anayechemsha ndizi mbivu, ndiye anayeotesha ulezi na kuusaga, ndiye anayechanganya na kungoja ichachuke. Anafanya kazi hiyo siku kadhaa, kisha jioni inapofika anaweka kata mahali pake na kurudi nyumbani kuwapa watoto chakula.

Sisemi hayo kwa uchungu. Mume wangu si mlevi na hajawahi kuwa mlevi. Anakwenda saa kumi na mbili, anarudi saa tatu, anakula, anasikiliza redio, analala. Ndivyo baba yake alivyofanya. Watoto walipokuwa wadogo sikuwa hata na nafasi ya kuliona jambo hilo, maana saa hizo tatu zilikuwa zangu za kukagua madaftari, kuogesha, kugombeza na kuombea. Tulikuwa na watoto wanne ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Nani angetamani kutoka usiku?

Mwaka 2021 mtoto wetu wa mwisho aliondoka nyumbani. Tulibaki wawili na redio. Mama ambaye amekwisha kufika hapo atanielewa bila maelezo mengi. Unapika ndizi kidogo, zinabaki. Unaweka sahani mbili. Yeye anauliza kama ng'ombe amekunywa maji, wewe unajibu amekunywa. Wewe unasema mke wa mwenyekiti anaumwa, yeye anasema pole yake. Kisha taarifa ya habari inaanza na mazungumzo yamekwisha. Kuna juma moja nilijaribu kuhesabu maneno tuliyosemeshana tangu Jumatatu, nikaacha kwa sababu hesabu ilikuwa inanitia hofu. Nilianza kujiuliza kama huyu ninayemwita mume wangu ni mtu ninayemfahamu, au ni mtu niliyelea naye watoto tu, na sasa kazi imekwisha kila mmoja anangoja mwenzake aseme kwaheri.

Binti yetu wa pili anafanya kazi katika hoteli huko Unguja. Mwezi wa saba mwaka 2023 alitutumia nauli na kutuamuru, kwa adabu lakini kwa kuamuru, twende tukakae naye siku nne. Baba watoto alikataa kwanza. Nani atamkatia ng'ombe majani? Mke wa shemeji yangu akasema atakata yeye. Nani ataangalia kahawa? Kahawa haina miguu, nikamjibu. Akanyamaza, na kwa mume wangu kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Safari sitaisimulia kwa kirefu. Basi liliondoka usiku bado na jioni tulikuwa Dar es Salaam kwa ndugu. Asubuhi tukapanda boti ya Unguja, ambayo inavuka kwa muda wa saa mbili hivi. Mtanzania hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar, lakini chukua kitambulisho chako, kinaulizwa. Tulipofika gatini baba watoto alisimama akasoma jina lililoandikwa ubavuni mwa boti: KILIMANJARO. Akasema, "Kumbe mlima wetu unaelea." Nilishangaa. Nilikuwa sijasikia utani kutoka kwake tangu binti yetu wa kwanza alipoolewa.

Sasa niwaeleze kuhusu usiku wa kwanza. Jua la Unguja huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, yapata saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Kwetu jua likizama mtu anafunga kuku. Kule Mji Mkongwe jua likizama watu ndiyo kwanza wanatoka. Binti yetu alitupeleka Forodhani, ile bustani iliyo mbele ya bahari, kati ya Ngome Kongwe na maji. Bustani hiyo ilitengenezwa miaka ya 1930, ikachakaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Mchana unaweza kupita usione cha ajabu. Jioni zinakuja meza, zinakuja taa, unakuja moshi wa mkaa, na watu wanajaa.

Nilichokiona kwanza si chakula bali ni wanawake. Nilikuwa nimejiandaa kukuta wanaume na watalii. Badala yake nilikuta akina mama wa Kiislamu ndani ya mabuibui yao, wamekaa juu ya ukuta na watoto mapajani, waume zao pembeni wameshika mifuko ya viatu vya watoto. Bibi mmoja wa umri wangu au kuzidi alikuwa amekalia mkeka akimenya chungwa, na wajukuu wamemzunguka. Hakuna aliyekuwa amelewa. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele za aibu. Watu walikuwa wametoka kupunga upepo, basi. Na mimi ambaye tangu utoto nimefundishwa kwamba mwanamke wa kanisani usiku anakaa ndani, nikawa natazama na kuwaza ni nani hasa aliyetufundisha hivyo, maana hawa nao ni wacha Mungu na usiku ule ule waliadhiniwa, wakaenda kusali na kurudi.

Kuhusu chakula, nisipokisema mtanilaumu. Kuna mishikaki, kuna pweza na ngisi, kuna mihogo na ndizi za kuchoma, kuna mkate wa kumimina. Kuna urojo, ambao ni mchuzi mzito wenye uchachu wa embe na ndimu, ndani yake wanatia viazi, bajia na chochote upendacho. Mimi niliuona kama binamu wa mtori aliyekwenda kuishi pwani akajifunza maringo. Kuna kile wanachokiita pizza, ambacho kwa macho ya mpishi ni chapati nyembamba iliyojazwa nyama, kitunguu na yai ikafungwa na kukaangwa. Na kuna maji ya muwa, yanayokamuliwa mbele yako kwa mashine ya gurudumu, wakatia tangawizi na ndimu. Baba watoto alikunywa bilauri tatu.

Shauri langu kwa mama atakayekwenda: uliza bei kabla hujaonyesha kwa kidole, maana bei hazikuandikwa na mgeni hujulikana kwa viatu. Samaki chagua waliokuwa wanatoka motoni, wala si wale waliokaa mezani tangu jioni wakingoja kupashwa moto. Ukienda na watoto, waangalie upande wa ukuta wa bahari. Na uvae nguo ndefu au ujifunge kanga, kwa heshima ya mji. Mimi nilitembea na kanga mbili kila usiku na niliitwa "bi mkubwa" tangu mwanzo hadi mwisho. Nyumbani naitwa mama fulani. Sikuwahi kudhani kwamba ningependa kuitwa jina lingine.

Kwenye ukuta huo wa bahari vijana hukimbia na kujirusha majini kwa mikogo, mmoja anapinduka, mwingine anakunja miguu, na watu wanashangilia. Wenyewe wanauita mchezo huo makachu. Nilifumba macho kila walipokimbia. Mwenzangu hakufumba. Alikuwa anahesabu mizunguko na kutoa alama kama mwalimu wa michezo.

Binti yetu alituambia jambo lililonifurahisha. Hoteli yao hupokea wageni kutoka Hispania, na wageni hao hushangaa wakiambiwa chakula cha usiku kinaanza saa moja. Kwao mtu anakula saa tatu, saa nne. Katika miji yao ya pwani, kama Barcelona na Malaga, jioni familia nzima hutoka kutembea, babu kwa mjukuu, na saa nne ya usiku utakuta mtoto bado anacheza uwanjani na wazazi wamekaa pembeni. Barcelona wana barabara ndefu ya kutembelea kwa miguu iitwayo La Rambla, inateremka mpaka karibu na bahari. Sababu mojawapo ni joto la mchana. Nyingine ni saa zao zenyewe: tangu mwaka 1940 Hispania hufuata saa za Ulaya ya kati, ingawa nchi iko mbali magharibi, kwa hiyo wakati wao wa joto jua la Barcelona huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Baba watoto alifikiri kidogo akasema kwamba basi hao hawatoki usiku, wanatoka mchana uliochelewa. Lakini nadhani kuna zaidi ya jua. Unguja jua halicheleweshwi na mtu, na bado watu wanatoka.

Usiku wa pili tulisikiliza taarab. Hapa najua baadhi yenu mtakunja uso. Nami nilikwenda nimekunja uso, maana taarab niliyoifahamu ni ile ya spika kubwa na mafumbo ya kugombana. Hii ilikuwa nyingine, ya kikundi cha kizamani: kanuni, udi, fidla, akodioni, na dumbaki, watu wazima wamekaa kwenye viti kama kwaya. Muziki huu una historia yake Unguja. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Na mwanamke aliyeutoa muziki huo majumbani mwa wakubwa akauleta kwa watu wa kawaida, akiimba kwa Kiswahili, ni Siti binti Saad, mtoto wa maskini kutoka Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Nilipokuwa shule tulilisoma jina hilo tukalikariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba jina hilo lina sauti.

Nilimtazama mume wangu. Ujanani alipiga tarumbeta katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu, na kwa kweli ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza, mashavu yamevimba, jasho linamtoka, Jumapili ya Pasaka. Tarumbeta aliiacha alipopata kazi. Usiku ule vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza juu ya goti lake, kimoja kimoja, kama vile anatafuta sauti. Hakujua kwamba namwona.

Nikaona pia kwamba akina mama walikuwa wakiinuka mmoja mmoja wakati wa beti fulani, wanakwenda mbele kwa mwendo wa taratibu, wanamtunza mwimbaji pesa, wanarudi kukaa. Binti yetu akaninong'oneza kwamba mtu huinuka pale maneno yanapomgusa, au pale anapotaka yamguse mtu mwingine aliyeko ukumbini. Nikasema hii nayo ni akili. Una jambo la kumwambia mtu, huwezi kulitamka, unangoja beti, unainuka na noti mkononi. Sisi Wachaga tunalo neno gani la kufanania na hilo? Tunanyamaza tu.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tulisali Mkunazini, katika kanisa kuu la Anglikana, lililojengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Tulishuka pia katika vile vyumba vya chini. Sitasema mengi hapa, kila Mkristo akienda Unguja afike mwenyewe. Nataja kwa sababu tulipotoka pale hatukusema neno mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza kimya chetu hakikuwa kile cha nyumbani. Tulikuwa tunanyamaza juu ya kitu kimoja.

Jioni binti yetu alikuwa na zamu hotelini. Akauliza kama tutaweza kutoka peke yetu. Baba yake alijiona ametukanwa. Tukatoka.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapotosha hata mchana. Tulipotea mara mbili, tukauliza watoto, wakatushika mikono. Tulipita kona moja wanayoiita Jaws, ukutani wamechora papa, wanaume wamekaa barazani wanacheza bao na dhumna na kunywa kahawa. Mzee mmoja akasema, "Karibuni, wageni, kaeni." Tukakaa. Lazima niseme ukweli kwamba pale sikuona mwanamke mwingine aliyekaa, kwa hiyo tusiusifu mji kupita kiasi. Baraza nayo ina wenyewe kama kilabu chetu. Lakini hakuna aliyenitazama vibaya. Nilipewa kikombe kidogo cha kahawa nyeusi isiyo na sukari na kipande cha kashata. Jamani, mimi nimezaliwa chini ya mikahawa. Babu zetu waliiuza kahawa kwa chama cha KNCU tangu kilipoanzishwa mwaka 1933, baba yangu alisomesha watoto saba kwa kahawa, mikono yangu imeichuma miaka na miaka. Na sikuwahi kuinywa hivyo, kali, moto, imetulia. Kwetu kahawa ni kitu cha kuuza. Sisi tunakunywa chai. Mume wangu alimwuliza muuzaji imetoka wapi. "Bara," akajibu. Tukaangaliana, tukacheka mpaka wale wacheza bao wakageuka.

Kutoka hapo tukateremka Forodhani. Tulipita mbele ya Beit al Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo lilikuwa la kwanza katika Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme. Siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Tulipopita sisi lilikuwa ndani ya uzio, giza. Tukaenda kukaa juu ya ukuta, miguu yetu inaning'inia upande wa bahari kama watoto.

Karibu nasi alikuwa amekaa bwana mmoja wa makamo, shati jeupe, suruali ya kazini, mkoba mweusi mapajani. Watu wote walikuwa wanakula na kucheka, yeye alikuwa ameukumbatia mkoba wake anaangalia maji. Baba watoto alimtazama muda mrefu.

"Yule ameachishwa kazi," akasema.

"Umejuaje?"

"Anavyoshika mkoba. Hauna kitu ndani."

Sikujibu. Bahari ilikuwa inapiga ukuta chini yetu. Kisha akasema, "Mama, unaukumbuka mwaka 1997, tulipokuwa tumepanga Moshi mjini?"

Nikasema naukumbuka.

"Kuna majuma matatu nilikuwa siendi kazini."

Mwaka huo viwanda vingi vilikuwa vinabinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa, ninyi wa umri wangu mnakumbuka. Kiwanda alichofanyia kazi ukarani kilipunguza watu, na jina lake likawa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Hakuniambia. Kwa majuma matatu aliamka saa kumi na moja, akaoga, akavaa shati nililompigia pasi, akachukua mkoba na kopo la chakula, akaondoka. Alikwenda kukaa karibu na stesheni ya reli mpaka saa za kutoka kazini zifike. Halafu akarudi nyumbani akaniuliza watoto wameshindaje.

Akanieleza yote hayo pale ukutani, taratibu, bila kunitazama. Akanieleza jinsi alivyojua kila mti wa pale stesheni. Alivyojificha siku moja alipomwona mwalimu wa mtoto wetu anapita. Alivyohesabu pesa. Akasema jioni zile ndipo alipoanza kupitia kwanza kilabuni kabla ya kuja nyumbani, si kwa kiu, bali kwa kuogopa uso wangu. Na tulipohamia Mwika mwaka uliofuata, zoea hilo likahama naye. Miaka 26 alikuwa amelibeba jambo hilo.

Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza, "Yale maandazi mawili ulifikiri yalitoka wapi?"

"Maandazi gani?"

"Kiwandani mlikuwa mnapewa chai na mkate saa nne. Uliposimamishwa, nani alikupa kitu cha saa nne?"

Aligeuka akanitazama. Siku ya nne tangu aachishwe kazi, mwanamke niliyekuwa nauza naye ndizi soko la Mbuyuni aliniambia amemwona mume wangu amekaa peke yake kule stesheni. Nilikwenda kwa mbali nikahakikisha kwa macho yangu. Kesho yake nikaanza kuweka maandazi mawili juu ya chakula chake cha mchana, yamefungwa kwa karatasi. Sikusema neno. Niliona kwamba mwanamume aliyevaa shati safi kila asubuhi kwa ajili yangu anajaribu kulinda kitu, na kama ningekivunja sijui ningempa nini badala yake. Juma la tatu lilipokwisha alikuja mwenyewe akasema "kazi imekwisha leo," nami nikasema Mungu atafanya njia, tukauza cherehani yangu tukaanza biashara ya mahindi. Akina mama wengine wataniambia nilipaswa kusema. Huenda. Mimi hata leo nikirudishwa pale nitafunga maandazi yale yale.

"Ulijua," akasema. Akarudia tena, "Ulijua." Halafu akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka, nami nikamshika mkono pale mbele ya watu, jambo ambalo kwetu hata siku ya harusi hatukulifanya. Hakuna aliyetuangalia. Vijana walikuwa wanaruka majini.

Yule bwana wa mkoba? Baada ya muda alikuja mwanamke na watoto wawili wanakimbia, akainuka kwa furaha, akafungua mkoba akatoa kofia ya mtoto, wakaenda kununua urojo. Alikuwa anamngoja mkewe tu. Nilimwonyesha baba watoto, akasema siku hizi macho yake hayaoni vizuri usiku.

Tulirudi kwa binti yetu saa tano. Alikuwa amekwisha kutoka zamu, amekaa barazani anatungoja kama mama anavyongoja watoto wakubwa, na akatugombeza.

Tangu turudi Mwika sijapata mume mpya, msije mkadhani. Kilabuni bado anakwenda, ana wenzake, na sitaki awaache. Lakini siku mbili tatu katika juma, mvua isiponyesha, tunavaa makoti tukatoka saa moja usiku. Kwetu hakuna bahari wala pweza. Tunapanda na barabara mpaka kwenye maduka, tunakunywa chai ya tangawizi kwa kijana mmoja mwenye taa ya sola, tunarudi. Mara ya kwanza mama mmoja jirani alitufungulia dirisha akauliza kwa hofu, "Msiba uko wapi?" Mume wangu akamjibu, "Hakuna msiba, mama. Tunatembea." Kesho yake nikasikia kwamba nimeugua na nimeshauriwa na daktari kufanya mazoezi. Nimewaacha waseme hivyo. Mwezi uliopita nikamwona huyo huyo jirani na mzee wake wanapanda na barabara na tochi, yeye mbele, mzee nyuma hatua kumi, hawasemeshani. Wataanza tu.

Na maneno mezani? Yapo, wala si mengi. Juzi alinieleza juu ya mzee mmoja aliyekuwa akilala pale stesheni na kuku wake ndani ya kapu, habari ambayo nilikuwa sijaisikia. Ile tarumbeta yake ya zamani aliiazima mpwa wake tangu zamani. Amemtumia ujumbe airudishe.

Binti yetu ameuliza kama tutakwenda tena mwaka huu. Baba yake amesema tungoje kwanza kahawa iuzwe.